Ngoja Kitenzi, Msee

Ni mangware, kedo saa kumi na mbili na robo, na nganya ya Umoja imejaa hadi mlangoni. Wufa iko chini ya kiti, inatupiga mgongo. Makanga ananing'inia nje hapo Jogoo Road akiita Burma, Muthurwa, tao finje, tao finje. Sistee wangu ameegemea dirisha, eafoni moja iko kwa sikio, ile ingine inacheza kwa kifua cha sweta ya shule. Midomo yake inasonga lakini sauti haitoki. Mama mwenye amekaa kando yake anadhani ni maombi ya asubuhi.

Ndani ya hiyo eafoni kuna dame wa Kijerumani anatangaza treni. Treni imechelewa dakika kumi, na leo haitoki reli namba nne, inatoka namba saba. Sistee anachora 7 na kidole kwa paja. Alafu bila kutoa eafoni anainua kichwa: "Makanga, shukisha Hamza!" Amedaka jina la steji yake katikati ya ngoma, honi na Kijerumani, zote kwa wakati mmoja.

Hapo ndio niliacha kuogopa pepa yake.

Juu nilikuwa naogopa kabisa. Yuko fomu tatu, Kijerumani alikichagua mwenyewe wakati beshte zake walikuwa wanakimbilia masomo ingine, na odijo wao aliwaambia mapema kwamba mwisho wa term watakalia mtihani wa kuskiza peke yake. Wajerumani wanauita Hören. Odijo ataufuata muundo wa A1 ya Goethe-Institut, ile ngazi ya kwanza kabisa. Maswali 15, kama dakika 20 hivi, sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni watu wawili wanabonga, na unaskizishwa mara mbili. Ya tatu pia mara mbili, hizo ni meseji za simu. Ya katikati ndio ngori: matangazo ya stesheni, ya dukani, ya uwanja wa ndege, maswali 4 ya kweli ama si kweli, na sauti inapita mara moja tu. Ikishapita, imeenda kama mat yenye haikusimama.

Mimi nimepitia hiyo njia, na nilianguka hapo. Kuandika nilikuwa sawa. Der, die, das nilikuwa nazikariri nikifua nguo. Siku ya pepa ya kuskiza tuliwekwa ndani ya holi, spika moja juu ya meza huko mbele, mimi deski ya nyuma kabisa, alafu mvua ikaanza kupiga mabati. Sauti ilikuwa inagonga ukuta mara mbili ndio inifikie. Lakini siwezi wekelea mvua kila kitu. Chenye kilinimaliza ni neno moja: Verspätung. Niliskia nikajua nalijua, nikaanza kulitafuta kichwani. Spät ni kuchelewa. Sasa Ver inafanya nini hapo mbele? Nikashikana nalo kama mtu ameshikwa shati na mdai wake. Wakati nililiachilia, tangazo lilikuwa limeisha na odijo alikuwa anasema tugeuze ukurasa.

Hakuna mtu alikuwa ameniambia kwamba hiyo ndio sura yenyewe ya mtihani wa kuskiza. Pepa ya kusoma inakungoja. Ukikwama kwa neno unarudi nyuma, unalizunguka, unaenda swali lingine ukijua litakuwa pale pale ukirudi. Sauti haikungoji. Mtu anaweza jua maneno elfu na aanguke, na mwenye anajua maneno mia tano apite, juu huyo wa pili amejifunza kuachilia neno lenye hajui na kubaki na lile linalokuja. Shule nyingi zinaachilia kuskiza hadi term ya mwisho, kama chumvi yenye ulisahau kutia ukipika, sasa unainyunyiza kwa sahani. Haiingii. Hiyo naiskia uchungu hadi leo, ndio maana nilimwambia sistee tuanze miezi mitatu kabla, kila siku, hata kama ni dakika kumi na tano.

Wiki ya kwanza nilikosea. Nilimpa orodha ya maneno: stesheni, mizigo, tiketi, duka la mkate, bei. Aliyameza yote, alafu tukafungua mfano wa mtihani wenye Goethe wameweka bure kwa tovuti yao, sauti na maswali pamoja, akapata 6 kwa 15. Alikasirika. Maneno yote alikuwa anayajua. Tukarudi tukaskiza pole pole, sentensi moja moja, na hapo ndio tuligundua shida haikuwa maneno. Shida ilikuwa ni wapi alikuwa anaelekeza sikio.

Cheki venye Kiswahili inafanyanga. "Siji." Sauti ya kwanza tu na ushajua huyo haji. "Hatutafungua duka kesho." Kabla ataje duka, kabla ataje kesho, ushajua ni sisi, ni hapana, na ni siku yenye haijafika. Yote imepakiwa mbele ya kitenzi. Sikio letu limelelewa hivyo tangu tukiwa watoi: daka mwanzo, mengine yatajileta. Hata ukiwa kwa nganya yenye ngoma iko juu, ukidaka "haifiki" ya makanga unashuka, hungoji akwambie haifiki wapi.

Sasa Mjerumani anakwambia: "Der Supermarkt macht heute um acht Uhr..." Ametaja supamaketi, ametaja leo, ametaja saa, hata kitenzi ametoa nusu yake, na bado hujui kitu. Duka linafunguliwa ama linafungwa? Hiyo inakuja na silabi ya mwisho kabisa. Akisema "auf", linafunguliwa. Akisema "zu", linafungwa. Sistee alikuwa anaskia acht, anafurahi, anaandika nane, anaanza kusoma swali linalofuata. "Zu" ilikuwa inaanguka chini bila mtu wa kuiokota.

Kijerumani iko na vitenzi vingi vya hiyo design, vyenye vinakatika mara mbili, kichwa kinaenda mbele na mkia unabaki nyuma kabisa. Treni "fährt" alafu maneno mengi alafu "ab", inaondoka. "Kommt" alafu maneno mengi alafu "an", inafika. Na ukiongeza "weil", juu ya sababu, kitenzi chote kinahamia mwisho: siwezi kuja kwa sababu mimi Jumamosi hadi saa tatu usiku kufanya kazi lazima. Ukikitafuta mahali Kiswahili inakiwekanga utakuta hapo ni patupu.

Nilitafuta namna ya kumweleza mpaka nikakumbuka shangazi yetu wa ocha. Huyo akija Nairobi hakwambii kilichomleta. Anaingia, anakaa, anakunywa chai. Anauliza masomo, anauliza kuku wa jirani, anasifu pazia. Mathe anajua, sisi wote tunajua, hiyo sio stori yenyewe. Stori inatoka akiwa amesimama mlangoni na mkoba kwa mkono, kiatu kimoja kimevaliwa: "Na ile mambo ya shamba, tutafanyaje?" Mtoi mwenye ameondoka kwa sebule mapema hajui kitu kuhusu hiyo ziara. Sentensi ya Kijerumani ni shangazi. Keti nayo hadi ifike mlangoni.

Sistee alishika hapo hapo. Tukaunda mchezo. Mimi nasoma sentensi naikata kabla ya neno la mwisho, yeye anataja mikia miwili yenye inaweza kuja na kila mmoja unabadilisha nini. "Ich rufe dich heute Abend..." Akija "an", nitakupigia. Akija "zurück", nitakurudishia simu, kumaanisha wewe ulinipigia kwanza. "Ich mache das Fenster..." Auf, zu. Tulicheza hiyo tukipika, tukipanga foleni ya maji, tukingoja mat. Baada ya wiki mbili niliona kitu kimebadilika kwa uso wake: akiskiza alikuwa haandiki tena katikati ya sentensi. Kalamu ilikuwa inangoja juu ya karatasi.

Kuna dalili zingine ndogo zenye zinasaidia, na hizo ni za kukariri. "Leider", kwa bahati mbaya: mtu akisema hiyo, jua mpango umeharibika, chenye umeskia kabla yake kifute. "Doch" na "aber", yaani lakini, vilevile zinageuza gari. Juu hawa wasee wa kutunga mtihani hawataji jibu peke yake. Watataja Jumamosi, watataja Jumapili, watataja Jumatatu, zote kwa meseji moja. Tulipanga kuonana Jumamosi, lakini leider nafanya kazi, Jumapili dadangu anakuja, unaonaje Jumatatu? Ukiwa unatafuta neno lenye umeliona kwa karatasi, utalipata, na litakuwa sio lenyewe. Majibu yote matatu yameskika. Swali ni gani lilibaki limesimama mwishoni.

Saa nayo ilitaka siku zake, na hapa nilijivunia lugha yetu.

"Halb acht." Ukiitafsiri vile imekaa ni nusu nane. Mtoto amezoea Kiingereza anaandika saa mbili na nusu asubuhi. Hapana. Mjerumani anahesabu nusu ya kuelekea nane, kwa hivyo ni dakika thelathini kabla ya nane, na hiyo kwetu ni saa moja na nusu. Sistee alisema, "Sasa hii ni saa tatu tofauti kwa kichwa moja." Na ni kweli. Ukutani mshale mfupi umepita saba, Mjerumani anataja nane, mathe anataja moja.

Lakini fikiria hicho kitu vizuri. Mtoto wa huku tangu akiwa nasari anaona mshale kwa 7 na anaambiwa ni saa moja, na hashangai. Tayari anajua kwamba namba yenye iko kwa saa na namba yenye iko mdomoni ni vitu viwili, na kuna daraja katikati. Hilo daraja wengine wanaanza kulijenga wakiwa wakubwa. Sisi tulizaliwa tukalikuta. Nilimwambia aache kupitia Kiingereza kabisa. Akiskia halb acht, achore uso wa saa kwa pembe ya karatasi, mshale mmoja katikati ya saba na nane, mwingine chini kwa sita. Picha haina lugha. Kutoka hapo anaandika chenye swali linataka. Viertel vor ni kasorobo, Viertel nach ni na robo, hizo zinafanana na zetu na hazisumbui.

Namba ndio zilimtoa jasho. Wajerumani wanataja mamoja kabla ya makumi: 56 ni "sechsundfünfzig", sita na hamsini. Unaskia sita, mkono unaandika 6, alafu hamsini inakuja na huna mahali pa kuiweka. Bei, namba ya chumba, namba ya simu, zote zinapita hivyo. Tuliamua hivi: ukiskia ya kwanza, iandike lakini acha nafasi kushoto kwake, kama unamwekea mtu kiti. Alafu kuna zile mapacha, sechzehn na sechzig, dreizehn na dreißig, 16 na 60, 13 na 30. Hapo tena ni mkia unaamua. Na ukiskia "zwo" usishtuke, ni zwei tu; wanasema hivyo hasa kwa simu ndio isichanganywe na drei.

Tizi tulifanyia barabarani. Kila mat inayopita iko na namba plate: herufi tatu, namba tatu, herufi moja. Anaisoma kwa Kijerumani kabla ipotee. Ka, De, Ge, siebenhundertsechsundfünfzig, Te. Mwanzoni mat ilikuwa inafika steji inayofuata kabla amalize. Sai anaisoma ikiwa mbio. Muthurwa na Gikomba tulienda na hiyo mchezo pia: shati soo mbili, zweihundert, viatu ngiri moja na finje, tausendfünfzig. Muuza mitumba mmoja aliuliza ni lugha gani hiyo, akaambiwa, akaanza kutuitia bei mpya moja baada ya nyingine ndio askie sistee akizijibu. Wateja wake wakasimama wakiskiza. Tulitoka hapo na shati na pia na sifa.

Lakini mtu mwenye alimalizia hizo namba ni babu wa ploti yetu.

Huyu babu ni wa Mombasa, Mji wa Kale, ameishi Umoja miaka mingi na kazi yake ilikuwa kutengeneza redio. Jioni anakaa nje na redio yake anaskiza Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle. Hiyo idhaa ilianza 1963, na yeye anaijua tangu ujana. Sistee alipita akinung'unika fünfundzwanzig, fünfundzwanzig.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Wasoma nini hicho?"

Akamweleza, na akalalamika vile hawa watu wanahesabu kinyume, tano na ishirini. Babu akashusha sauti ya redio. "Kinyume cha nani? Sisi wazee wetu wakihesabu hamsa wa ishirini. Tano ikitangulia, ishirini ikifuata. Hilo si geni, mwanangu, ni lako, mumelisahau tu."

Nilinyamaza. Hamsa wa ishirini. Kiarabu ndio ilileta hiyo njia ya kuhesabu Pwani, Kiswahili ikaibeba, sisi watoto wa bara tukabaki na ishirini na tano. Tangu siku hiyo sistee haiti namba za Kijerumani kinyume. Anaziita namba za babu. Babu pia ndiye alimpatia ile "ch" ya koo, ya Bach na acht: "Sema kheri. Sasa sema khofu. Hapo hapo." Ile "ch" ingine laini ya ich inakaa mbele zaidi kwa mdomo, hiyo alihangaika nayo kivyake. Na ö na ü, hizo kwetu hazina nyumba kabisa. Irabu zingine za Kijerumani zinakaa karibu sana na zetu, a, e, i, o, u, ndio maana Mkenya akisoma Kijerumani anaskika poa mapema. Lakini schon ni tayari na schön ni -zuri, na kama mdomo wako hauwezi kuzitenganisha, sikio pia litaziona ni moja. Kwa hivyo tulikuwa tunabonga nyuma ya sauti: spika inasema, na wewe unafuata nusu sekunde nyuma kama kivuli, bila kungoja kuelewa. Inachosha taya. Inafanya kazi kuliko orodha yoyote ya maneno yenye niliwahi mpa.

Redio ya babu ilituletea kitu ingine. Deutsche Welle hao hao wako na taarifa ya habari ya Kijerumani yenye inasomwa pole pole kwa wanafunzi, Langsam gesprochene Nachrichten, pamoja na maandishi yake. Kwa mtu wa A1 hiyo ni mlima. Lakini tuligundua njia ya kuupanda: kwanza unaketi na babu unaskiza habari kwa Kiswahili. Unajua ni nchi gani imefanya uchaguzi, mafuriko yako wapi, nani amekutana na nani. Alafu unaingia kwa nyumba unafungua ya Kijerumani ya siku hiyo hiyo. Kichwa tayari kina stori, sikio linatafuta tu mahali stori imejificha. Siku ya kwanza alidaka majina ya nchi na namba mbili. Baada ya mwezi alikuwa anatoka nje kumwambia babu kuna habari moja Wajerumani wamesema na Idhaa ya Kiswahili haikusema. Babu akawa anamngoja kila jioni: "Haya, wamesemaje leo?" Hakuna odijo angeweza mpa tizi kama hiyo, juu sasa kulikuwa na mtu anataka kujua.

Kwa siku zenye kichwa kimechoka alikuwa anacheki Nicos Weg, pia ni ya Deutsche Welle na ni bure. Ni filamu ya vipande vifupi kuhusu chali wa Kihispania anaitwa Nico, anafika Ujerumani na mkoba wake unapotea. Bando ya simu inauma, hiyo lazima isemwe wazi, kwa hivyo tulikuwa tunapakua mahali kuna waifai, alafu anaskiza kwa mat. Ukiwa tao, maktaba ya Goethe-Institut iko Maendeleo House, na hao wamekuwa Nairobi tangu 1963 pia. Hapo unakaa kimya na unaskiza. Lakini mimi siamini kimya peke yake. Pepa haiji kwa kimya. Inakuja kwa holi yenye mtu anakohoa, kiti kinakwaruza, mabati yanalia. Mwenye amezoea sauti safi ya eafoni mbili chumbani atashtuka. Ndio maana nilimwacha afanye tizi kwa nganya na sikio moja, sauti ikiwa chini, mbali na wufa kadri inavyowezekana, juu masikio pia ni ya kutunzwa.

Watu mtaani wanauliza hii yote ya nini. Wengine wanajibu haraka: kazi. Tangu Kenya na Ujerumani zitie sahihi makubaliano ya ajira na uhamiaji kule Berlin tarehe 13 Septemba 2024, kila ukuta umebandikwa karatasi za madarasa ya Kijerumani. Na ni kweli kuna njia hapo. Nesi anaitishwa kwa kawaida B2, mwenye anataka kujifunza ufundi kazini kwa kawaida B1, na kwa B1 Hören peke yake ni dakika 40, maswali 30, na lazima ufike asilimia 60 kwa hiyo sehemu yenyewe, bila kubebwa na maandishi yako mazuri. Ukiona karatasi inakuahidi mlima huo kwa wiki chache, iache ukutani. Sikio halinunuliwi. Linakua kama nywele, na huwezi liharakisha kwa kulivuta.

Lakini sistee hajawahi niambia ni ya kazi. Aliniambia siku moja anapenda venye lugha inaanza kama ukuta alafu siku moja inakuwa dirisha. Sijui alitoa wapi hiyo. Nilimwambia pia kwamba hata hiyo "shule" anayoendanga kila asubuhi ni neno la Wajerumani, Schule, na "hela" za Watanzania ni Heller, sarafu ya koloni lao. Hayo maneno yalikuja na bunduki. Maji Maji ya 1905 hadi 1907 iliacha makaburi mengi sana kusini mwa Tanzania. Alikaa na hiyo kwa muda. Alafu akasema basi yeye anaenda kuichukua hiyo lugha kwa mlango, mchana, akijua imetoka wapi.

Wiki ya mwisho hatukuongeza neno hata moja jipya. Tulifanya pepa nzima mara tatu, na saa mezani. Nilimfunza kutumia zile sekunde kabla sauti ianze: soma swali, chora mstari chini ya neno lenye linaamua, jiulize ni kitu gani naingojea hapa. Ni saa? Ni mahali? Ni bei? Mwenye anajua anangojea nini anaskia mapema kuliko mwenye anangojea kila kitu. Na swali likikutoroka, jaza kitu uende. Kwa karatasi ya Goethe jibu baya halikunyang'anyi pointi, lakini swali lenye umebaki ukililia litakunyang'anya linalofuata. Jioni ya mwisho mathe alipika chapo na madondo, tukala na babu akaletewa sahani yake, simu ikazimwa saa tatu, msichana akalala.

Siku yenyewe nilimngoja kwa steji ya Hamza. Ilikuwa imenyesha, barabara imejaa matope na mat zimesimama mbili mbili. Alikuja na wale wa darasa lake, wote wanaongea kwa mara moja, alafu akajitenga akanifikia. Sikumuuliza alipata ngapi, juu hajui. Alisema spika ilikuwa mbaya na alikuwa deski ya tatu kutoka nyuma, na kwamba sehemu ya pili kulikuwa na tangazo la dukani, limepita mara moja, na nusu ya darasa walikuwa wanabishana bado.

"Supamaketi?" nikauliza.

"Supamaketi. Um acht Uhr."

"Wanafungua ama wanafunga?"

Mat ilikuwa imefika, makanga anapiga bodi. Akaruka ngazi ya kwanza, akashika chuma, akanigeukia.

"Wanafunga. Saa mbili usiku. Nilimngoja hadi mlangoni."